Shajara ya sanduku la Las Meninas: kioo kinaonyesha nini?

Nafundisha vijana kuchora, jioni na mwisho wa wiki, hapa Tanga. Kila mwaka tukifika kwenye Las Meninas, picha aliyoichora Diego Velázquez mwaka 1656 katika kasri la mfalme wa Hispania mjini Madrid, darasa linakwama pale pale: kile kioo cha ukuta wa nyuma kinamwonyesha nani, na huyo anayeonekana amesimama wapi? Nimejibu kwa maneno miaka mingi, na maneno hayajamtosheleza mtu. Safari hii nakijenga chumba chenyewe kwa plaiwudi, kidogo, chenye madirisha, mlango na kioo cha kweli, kisha nichungulie. Naandika kila hatua na gharama zake ili mwalimu mwingine akitaka kukitengeneza asipite nilipoumia.

Jumamosi, 14 Juni. Kuisoma picha kabla ya kugusa msumeno

Kwa ambaye hajaiona: turubai lenyewe lina zaidi ya mita 3 kwenda juu na karibu mita 2.8 kwa upana, na limetundikwa Museo del Prado, Madrid. Katikati amesimama Infanta Margarita, mtoto wa miaka mitano, binti wa Mfalme Felipe IV na Malkia Mariana. Wasichana wawili wa familia kubwa wanamhudumia. María Agustina Sarmiento amepiga goti akimpa kigudulia chekundu cha udongo juu ya sinia, na upande wa pili Isabel de Velasco ameinama kwa adabu. Hao ndio meninas, neno lililotoka kwenye Kireno. Kulia yupo Mari Bárbola, mwanamke mfupi wa kimo, anatutazama usoni bila kupepesa, na pembeni yake Nicolás Pertusato amemwekea mguu mbwa mkubwa anayesinzia. Nyuma yao, gizani, Marcela de Ulloa anazungumza na mlinzi. Kushoto ni Velázquez mwenyewe, brashi mkononi, mbele ya turubai kubwa ambalo sisi tunaona mgongo wake tu. Mwisho kabisa wa chumba mlango uko wazi, na José Nieto amesimama kwenye ngazi, mwanga umemzunguka. Kando ya mlango, ndani ya fremu nyeusi, mfalme na malkia.

Majina haya tunayo kwa sababu Antonio Palomino, mwandishi wa maisha ya wachoraji wa Hispania, aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1724. Jina la picha lenyewe ni la baadaye. Lilianza kutumika kwenye orodha ya Prado ya mwaka 1843, na kabla ya hapo iliitwa Familia ya Felipe IV. Hilo nalipa uzito, maana ukisema "familia" jicho linawatafuta baba na mama, na ukisema "wasichana wahudumu" jicho linabaki kwenye magauni.

Jambo moja la lugha limenichelewesha leo. Sisi tunasema kioo cha dirisha, tunasema kioo cha kujitazamia, na neno ni lile lile. Kijana mmoja alikuwa akiamini muda wote kwamba mfalme na malkia wako chumba cha pili na wanachungulia dirishani. Hakukosea kijinga. Nikamwonyesha ule mstari mwembamba wa weupe unaozunguka ndani ya fremu, kama ukingo wa kioo uliokatwa mshazari, na jinsi picha nyingine zote za ukuta ule zilivyomezwa na giza huku hii ikiwaka peke yake. Hapo akakubali.

Chumba chenyewe hatuwezi kwenda kukipima. Kilikuwa ndani ya kasri la Alcázar, kwenye makazi yaliyokuwa ya Baltasar Carlos, mwana wa mfalme, aliyefariki mwaka 1646. Kasri likaungua usiku wa mkesha wa Krismasi mwaka 1734. Turubai liliokolewa, ingawa shavu la kushoto la Infanta liliharibika na ikabidi litengenezwe. Ndiyo maana vipimo vyangu vyote vitatoka kwenye picha na kwenye miili ya watu: mtu mzima nimemkadiria sentimita 165, na kila kitu nakigawa kwa 15. Mtu mzima wangu atakuwa na sentimita 11, Infanta 7.

Jumamosi, 21 Juni. Shilingi 20,000 zimepotea

Nilichapisha picha ukubwa wa A1. Duka likanikatia pembeni ili "ikae vizuri kwenye karatasi", na mimi nikalipa bila kukagua. Nyumbani nikakaa saa mbili nashindwa kuelewa mwanga wa mbele unatoka wapi. Uso wa Infanta unawaka, gauni linawaka, lakini chanzo hakionekani. Baadaye nikalinganisha na picha kwenye simu: kilichokatwa ni ukingo wa kulia, pale panapoonekana kingo za dirisha la kwanza zikipigwa na mwanga. Ni utepe mwembamba sana wa picha, na ndio unaoeleza mwanga wote wa mbele.

Nikachapisha tena, 20,000 nyingine. Ukienda kuchapisha, simama na fundi na uhesabu kingo zote nne kabla hujatoa pesa.

Jumamosi, 28 Juni. Nyuzi tatu

Nilikuwa na uhakika kwamba jicho la mtazamaji liko mbele ya Infanta. Yuko katikati, ana mwanga kuliko wote, kila mtu amemzunguka. Nikapiga mahesabu yote ya sanduku kwa imani hiyo.

Kabla ya kukata mbao nikaitandika printi mezani, nikabandika uzi kwa gundi ya karatasi kufuata mistari inayoingia ndani: pale dari linapokutana na ukuta wa kulia, juu ya madirisha, na kingo za fremu za ukuta huo huo. Nyuzi zote zikakimbilia mlangoni. Zimekutana kwenye mkono wa José Nieto, yule wa kwenye ngazi.

Nilirudia mara tatu maana sikuamini. Kumbe macho yetu yamewekwa mkabala na mtu wa mbali kuliko wote, huku mwanga ukituvuta kwa mtoto, na kioo kikituvuta kwa wazazi wake. Vitu vitatu, kila kimoja na kiti chake. Nadhani ndiyo sababu ukiitazama picha hii macho hayatulii. Yanazunguka kati ya mtoto, kioo na mlango.

Michoro yangu ya sanduku nimeichana. Gharama ya siku: uzi, na usingizi.

Jumapili, 6 Julai. Sanduku, na dari lililokuwa fupi

Plaiwudi ya milimita 9 shilingi 45,000, vipande vya mbao 6,000, gundi na misumari 7,500, fundi seremala kukata 10,000, bawaba za mfuniko 2,000. Urefu sentimita 140, upana 36. Kimo, kwa kubana plaiwudi, tulikubaliana sentimita 20, yaani mita 3 kwa ukubwa wa kweli, kimo cha nyumba ya kawaida. Fundi alishauri, mimi ndiye niliyekubali, kwa hiyo kosa ni langu.

Tulipowasimamisha wanasesere wa udongo ndani, ikawa kama kikao cha ukoo sebuleni. Vichwa karibu na dari, watu wanasukumana, Infanta hana enzi yoyote. Nikarudi kwenye printi na rula. Watu wote wa Velázquez wako nusu ya chini ya turubai. Nusu ya juu ni ukuta, giza, na dari lenye ndoano mbili za kuning'inizia taa, wala taa hazipo. Mchoraji mwenye nafasi kubwa namna ile angeweza kupanga watu hadi juu. Yeye akaiacha tupu, na utupu huo ndio unaowafanya watu waonekane wadogo chini ya kitu kikubwa kisichosema. Nikamrudia fundi, tukaongeza sentimita 10 kutoka kwenye mabaki. Mara moja chumba kikawa cha mfalme.

Ndoano mbili za dari nilitaka kuziruka. Msiziruke. Nimezitengeneza kwa pini, na bila hizo jicho halijui dari lina kina gani, maana hakuna kingine cha kushika kule juu.

Uamuzi mdogo kuhusu mwanasesere wa mchoraji: kwenye picha ana msalaba mwekundu wa Santiago kifuani. Velázquez alipokelewa kwenye shirika hilo la mashujaa mwishoni mwa 1659, miaka mitatu baada ya picha, na Agosti 1660 akafariki. Msalaba umeongezwa baadaye. Sanduku langu ni la 1656, kwa hiyo wa kwangu hana.

Jumapili, 13 Julai. Nilitangaza mapema

Hii naiandika kwa urefu kwa sababu niliwaambia watu jambo lisilo kweli.

Nilinunua kioo cha kukatiwa, shilingi 3,000, nikakibandika ukuta wa nyuma, sentimita 6.5 kushoto kwa mlango. Nikatoboa tundu la kuchungulia mkabala na mkono wa Nieto. Kando ya tundu, upande wa kushoto, nikawasimamisha mfalme na malkia wadogo. Nikachungulia: hao hapo kiooni! Nikawapigia vijana simu, nikawaambia suala limekwisha, mfalme na malkia wamesimama pale pale tuliposimama sisi, kioo kinawaonyesha moja kwa moja. Tulifurahi sana jioni ile.

Usiku hesabu ikanikataa. Kioo kikiwa kimebandikwa sambamba na ukuta ulionyooka, kinarudisha mwanga kwa pembe ile ile ulioingia nayo. Jicho langu liko mkabala na mlango, kioo kiko sentimita 6.5 kushoto. Basi kitu ninachokiona kiooni, kikiwa umbali sawa na jicho langu, lazima kiwe sentimita 13 kushoto kwangu. Wanasesere wangu walikuwa sentimita 8 tu. Walionekanaje?

Asubuhi nikaweka skwea kwenye kona. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala kidogo, chini ya digrii moja na nusu. Plaiwudi ilikuwa imevuta unyevu wa hapa kwetu baharini, ikajikunja upande mmoja. Kioo kikigeuka digrii moja, mwanga unageuka mbili, na kwa urefu wa sentimita 140 hizo digrii mbili ni karibu sentimita 5. Sanduku bovu lilikuwa limenipa jibu nililolitaka.

Marekebisho: nimepigilia mbao mbili nyuma ya ukuta huo, nimepaka sanduku lote rangi nje kuzuia unyevu, nimepima kwa skwea kona zote. Kioo kile kizito nimekitoa pia, kwa kuwa kilikuwa na unene wa milimita 4 na kilileta taswira mbili. Kipya ni cha kipodozi, chembamba, cha sokoni, shilingi 1,500. Nikachungulia tena: mfalme na malkia hawapo. Vijana nimewaita upya na kuwaeleza.

Jumapili, 20 Julai. Mwanga

Kuta za ndani nilizipaka nyeupe (rangi 8,000) nikidhani zitasaidia kuona. Nikafungia utepe wa taa ndogo ukuta mzima wa madirisha, shilingi 15,000. Ikawa duka la simu. Hakuna kivuli, hakuna kina. Picha za ukutani zinaonekana zote waziwazi. Hizo mbili kubwa za juu ya kioo ni nakala za Juan Bautista Martínez del Mazo, kutoka kwa wachoraji Rubens na Jordaens, hadithi za miungu ya kale wakishindana na wanaothubutu. Pichani zimefichwa karibu kabisa, ni hadi uzoee giza ndipo zinajitokeza.

Nilichofanya kimekuwa ni kuondoa, siyo kuongeza. Utepe nje. Rangi nyeupe nimeichanganya na unga wa mkaa uliochekechwa mara mbili, nikapaka upya kijivu kizito. Madirisha nikayaziba kwa kadibodi moja moja huku nachungulia, kuanzia la mbali. Kila nililoliziba, chumba kilirefuka. Likabaki la kwanza, la karibu na jicho, na balbu moja nje yake. Mwanga ulikuwa mkali, unakata kama kisu, na gauni la Infanta halina mikunjo laini kama pichani. Nikafunika dirisha kwa bafta, nusu mita shilingi 2,000. Hapo ukatulia. Balbu ya pili nyuma ya mlango wa Nieto. Balbu mbili, soketi na waya, 11,000.

Binti yangu wa darasa la tatu alikuja kuchungulia, akauliza: "Baba, yule wa kwenye ngazi anaingia au anatoka?" Mguu mmoja juu, mwingine chini, mwili umegeukia kwetu. Nimemtengeneza upya mara nne na kila mara anaonekana kufanya yote mawili. Lakini nilipomtoa kabisa ili nione, mlango ukawa taa tu, doa jeupe linaloumiza jicho. Yeye ndiye anayeugeuza mwanga ule kuwa mahali.

Jumamosi, 2 Agosti. Mwali unafika wapi

Sasa sanduku limenyooka na mwanga uko sawa, nikafanya jaribio lenyewe. Nilitoa balbu, nikaweka tochi ndogo kwenye tundu la jicho, nikamulika kioo, na kufuata mwali unaorudi kwa kutumia karatasi nyeupe. Mwali umetoka kiooni, ukapita kushoto kando ya kiwiko cha Velázquez, na ukatua sentimita 11 kushoto kwa mstari wa jicho: juu ya uso wa turubai lake, ule upande tusiouona.

Kioo changu kina upana wa sentimita 3.5. Kwa umbali ule kinaonyesha kipande cha turubai chenye upana wa sentimita 6, yaani sentimita 90 kwa ukubwa wa kweli. Watu wawili kifuani wanaenea.

Kwa hiyo, kwa mujibu wa mistari, kioo kinaonyesha kinachochorwa. Hata Palomino alisema Velázquez alitumia kioo kutufichulia anachokichora. Ila hapo panazuka jingine: hakuna picha ya Velázquez inayojulikana ya Felipe na Mariana wakiwa pamoja, na turubai lile pichani ni kubwa mno, kimo chake kinakaribia cha Las Meninas yenyewe. Sanduku limenionyesha njia ya mwali. Mkono wa mchoraji ulikuwa unachora nini, plaiwudi haiwezi kusema.

Jirani yetu, mama mtu mzima, alipita kuleta vitumbua. Nikamwomba achungulie bila kumweleza chochote. Aliinama, akavuta mtandio wake vizuri, kisha akasema ndani ya tundu: "Hodi." Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu, huoni wamegeuka wote? Nimeingia bila kubisha." Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu watu hawa kumtazama mfalme aliyetokea ghafla. Sikuwahi kuhisi, mpaka Bibi aliposema, kwamba aliyetokea ghafla ni mimi, na kwamba mbwa ndiye peke yake asiyejali.

Jumapili, 10 Agosti. Kioo kimetoka

Tatizo la mwisho limenishinda wiki nzima. Uso wa turubai la mchoraji umelipa dirisha la kwanza mgongo. Nilipobandika juu yake mchoro mdogo wa mfalme na malkia, kioo kiliwaonyesha kama vivuli viwili kwenye kisima. Nikafungua dirisha la tatu ili lipate mwanga. Kweli kioo kikawaka, lakini giza la nyuma likafa, picha za ukutani zikatoka, mlango wa Nieto ukapoa. Nikajaribu nusu dirisha, robo dirisha, bafta mbili. Nikipata kioo napoteza chumba, nikipata chumba napoteza kioo.

Nikarudi kwenye printi, nikaweka kipande cha kadibodi chenye tundu juu ya kioo tu, kisha juu ya ukuta ulio kando yake. Mwanga ule haulingani na chochote kilicho karibu nao. Hautoki dirishani wala mlangoni. Velázquez ameuweka mwenyewe, kwa rangi.

Jana usiku nimeng'oa kioo. Mahali pake nimebandika kadi ya sentimita 3.5 kwa 4.5 niliyoichora kwa mkono: pazia jekundu juu, nyuso mbili zisizo na maelezo mengi, na weupe mwembamba kuzunguka ukingo, vyote vikiwa na mwangaza kuliko inavyowezekana kwenye ukuta ule. Madirisha yote yamezibwa isipokuwa la kwanza. Nimechungulia, na kwa mara ya kwanza tangu Juni sanduku limefanana na picha.

Jumla hadi leo ni shilingi 151,000. Kati ya hizo 38,000 zimekwenda bure: printi ya kwanza, utepe wa taa na kioo kizito. Kile cha 1,500 nimekiweka ndani ya bahasha chini ya sanduku, pamoja na tochi na karatasi nyeupe, ili kila kijana akirudishe ukutani kwa gundi kidogo na afuate mwali mwenyewe kabla ya kuona kadi. Darasa linaanza Jumamosi saa kumi jioni, mapazia yatakuwa yamefungwa.